Wachache au Walionyimwa? Sheria Itaje Jeraha, Si Hesabu

Wahenga walituusia: wengi wape. Usipowapa, watachukua kwa mikono yao. Kuhusu wachache, hata hivyo, wahenga hao walituachia machache ya kushika. Huenda ndiyo sababu watunga sheria wa zama zetu hutapatapa kila wanapotaka kumsaidia mfanyabiashara wa jamii iliyoachwa nyuma. Serikali nyingi ulimwenguni zimetunga sheria za kuwapa wafanyabiashara wa aina hiyo mikopo, dhamana na sehemu ya zabuni za umma. Baadhi ya sheria hizo zimeanguka mahakamani, na nyingine zimetekwa na wajanja. Nikiichunguza historia yake kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kuchambua maneno, naona kwamba mara nyingi kasoro haikuanzia katika fedha. Ilianzia katika jina walilopewa waliokusudiwa kusaidiwa.

Hoja yangu ni moja. Sheria ya kumwinua mfanyabiashara aliyeonewa haina budi kutaja uonevu aliotendewa. Ikimtaja kwa uchache wake, kwa rangi yake, au kwa umri wake peke yake, na kuliacha jeraha bila jina, sheria hiyo itakuwa imejengwa juu ya mchanga.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, "-chache" ni kivumishi cha idadi. Tukisema "wanafunzi wachache" hatujasema kama ni werevu au wajinga, matajiri au maskini. Tumesema tu kwamba hawajazi chumba. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri hivyo lilipata uzito mkubwa wa kisheria baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, pale mikataba, kama ule wa Poland wa 1919, ilipowekwa ili kuwalinda watu wa lugha na dini tofauti waliojikuta ndani ya mataifa mapya ya Ulaya. Huko neno lilifaa, maadam waliohofiwa kudhulumiwa walikuwa kweli wachache kwa idadi.

Marekani ililitwaa neno hilo ikalipeleka sokoni. Mnamo Machi 1969 Rais Richard Nixon alitoa amri ya kuunda ofisi ya serikali kuu ya kushughulikia biashara za jamii za wachache. Mwaka wa 1977 Parren Mitchell, mbunge Mweusi kutoka jimbo la Maryland, alileta marekebisho katika Bunge la Congress, na ikaamuliwa kwamba asilimia 10 ya fedha za miradi fulani ya ujenzi wa umma zitengewe biashara hizo. Mpango huo ulipingwa mahakamani, lakini Mahakama ya Juu ikauidhinisha mwaka wa 1980. Majimbo na miji ikapata moyo, ikatunga sheria zake.

Mmoja wa miji hiyo ulikuwa Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia. Msomaji akumbuke kwamba Richmond ndiyo iliyokuwa makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kuhifadhi utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Kufikia 1983, karibu nusu ya wakazi wa Richmond walikuwa Weusi, ilhali katika miaka mitano iliyotangulia biashara za jamii za wachache zilikuwa zimepata asilimia 0.67 tu ya kandarasi kuu za ujenzi za jiji. Nusu ya watu, na haifiki hata moja kwa mia ya kandarasi! Fauka ya hayo, vyama vya wakandarasi wa eneo hilo vilikuwa karibu vya Wazungu watupu. Baraza la jiji likapitisha mpango: kila mkandarasi mkuu atakayepewa kazi na jiji atoe angalau asilimia 30 ya thamani ya kandarasi kwa kampuni ambazo asilimia 51 ya umiliki wake imo mikononi mwa watu wa jamii za wachache.

Ni akina nani hao? Hapa ndipo kalamu ya baraza ilipoteleza. Waliotajwa ni raia wa Marekani ambao ni Weusi, wanaozungumza Kihispania, watu wa asili ya Mashariki ya mbali, Wahindi Wekundu, Waeskimo, na Waaleuti, yaani wenyeji wa visiwa vilivyo karibu na Alaska. Orodha hiyo ingempa kazi nzuri mwanafunzi wa isimu. Ndani yake mna rangi, mna lugha, mna bara, na mna kabila, vyote vimepangwa katika mstari mmoja kana kwamba ni vitu vya jinsi moja. Lililokosekana ni maelezo ya kile ambacho kila mmoja wao alitendewa na soko la ujenzi la Richmond.

Kesi iliyozuka ilihusu jambo dogo mno: vyoo vya chuma vya gereza la jiji. Kampuni moja ya ufundi wa mabomba kutoka Ohio, J. A. Croson, ndiyo peke yake iliyowasilisha zabuni. Ilidai kwamba haikupata kwa wakati na kwa bei ya kufaa muuzaji wa jamii za wachache, ikaomba isamehewe sharti la asilimia 30. Jiji lilikataa na kuamua kutangaza zabuni upya. Kampuni ikaenda mahakamani, na tarehe 23 Januari 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliuangusha mpango wa Richmond kwa kukiuka Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayomwahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria.

Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu, aliuliza maswali ambayo mwalimu yeyote wa insha angeuliza. Ushahidi uko wapi kwamba Waaleuti walibaguliwa katika ujenzi wa Richmond? Je, hata waliwahi kuishi huko? Kwa nini idadi ya kandarasi ilinganishwe na idadi ya wakazi wote, badala ya idadi ya kampuni zenye ujuzi wa kazi hiyo? Tena alitaja kwamba Weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi, na walishika viti vitano kati ya tisa vya baraza. Kwa lugha nyingine, wachache hao hawakuwa wachache. Neno ambalo baraza lililitegemea kama ngao liligeuzwa mkuki na kuelekezwa kwake.

Miongoni mwa majaji watatu waliopinga hukumu hiyo alikuwa Thurgood Marshall, mzao wa watumwa na Mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo. Kwake yeye, lilikuwa jambo la kufurahisha kuona jiji lenye historia kama ya Richmond likijitokeza kupambana na ubaguzi, na lilikuwa jambo la kuhuzunisha kuona mahakama ikiufunga mkono wake. Ushahidi wa dhuluma, alisema, ulikuwa tele, wa taifa zima na wa Richmond yenyewe.

Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yangu, Marshall aliliona jeraha, na jeraha lilikuwapo. Mtu anayehitaji kuthibitishiwa kwamba Weusi wa Richmond walibaguliwa katika biashara ana tatizo la macho, si la ushahidi. Lakini O'Connor alikuwa ameshika karatasi, na karatasi ile haikuwa imeliandika jeraha. Laiti baraza lingesema kinagaubaga kwamba wakandarasi Weusi wa jiji hili walifungiwa milango ya vyama, mikopo na dhamana, kwa njia hizi na katika miaka hii, huenda hukumu ingekuwa nyingine. Waliojumuishwa ili orodha ipendeze ndio waliowazamisha waliokuwa na madai halali.

Jina la Marshall si geni kabisa katika historia yetu, na hapa kuna funzo ambalo walimu wa historia wangelitumia vyema. Mapema mwaka wa 1960 wakili huyo alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London. Aliandika rasimu ya hati ya haki kwa ajili ya Kenya huru. Je, katika rasimu hiyo, wachache waliohitaji kulindwa walikuwa nani? Walikuwa walowezi wa Kizungu na jamii ya Wahindi. Mashamba yenye rutuba yalikuwa mikononi mwa hao wa kwanza, na sehemu kubwa ya maduka mikononi mwa hao wa pili. Mtu yule yule aliyewatetea wachache waliopokonywa huko Amerika alijikuta huku akiandika kinga kwa ajili ya wachache walio nacho. Hakujipinga hata kidogo. Ni neno ndilo lililogeuka alipovuka bahari.

Serikali ya Kenya huru ilitaka, na kwa haki, kumwingiza Mwafrika katika biashara aliyozuiwa na ukoloni. Mikopo ilitolewa kupitia mashirika ya umma, na mwaka wa 1967 ikatungwa Sheria ya Leseni za Biashara, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo fulani na kuuza bidhaa fulani bila kibali maalumu. Sheria hiyo haikusema "Mwafrika" wala "Mhindi". Ilisema "raia" na "asiye raia". Lakini kila aliyeishi siku zile alijua ililenga nani, na katika miezi iliyofuata maelfu ya Wahindi walifunga virago wakaelekea Uingereza, ambayo nayo mnamo Machi 1968 iliharakisha sheria ya kuwafungia mlango. Dhuluma ya kikoloni iliyopaswa kurekebishwa, yaani kunyimwa leseni, mkopo na ardhi, haikuandikwa katika kipimo cha nani asaidiwe. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyekuwa karibu na wenye madaraka alilipata duka, na Mwafrika aliyekuwa mbali nao alibaki mteja kama zamani.

Je, yawezekana kuandika vizuri zaidi? Naam. Tazama Maryland, jimbo la yule Parren Mitchell. Mwaka wa 1978 bunge la jimbo hilo liliunda mamlaka ya kugharimia maendeleo ya biashara ndogo. Walengwa walikuwa wafanyabiashara waliodhoofishwa na hali zao za kijamii na kiuchumi, na baadaye mlango ulipanuliwa kwa wenye biashara ndogo wengine wasioweza kupata fedha benki kwa masharti ya kufaa. Hapo sheria imelitaja tatizo kwa jina lake: huyu amenyimwa mkopo. Dawa nayo inalingana na ugonjwa. Mamlaka hiyo hudhamini mkopo ili benki isiogope. Hutoa fedha za kuanzia kazi kwa aliyeshinda kandarasi. Na husimamia dhamana ambayo mkandarasi hutakiwa kuiweka kuwa atamaliza kazi. Asiyeijua dhamana hii haelewi kwa nini mafundi hodari hubaki vibarua. Kandarasi za umma humtaka mtu aonyeshe dhamana, dhamana hutolewa kwa mwenye mali na rekodi, na rekodi hupatikana kwa kufanya kandarasi. Ni mduara, na aliyezaliwa nje yake hana pa kuingilia.

Baada ya hukumu ya 1989, Maryland na majimbo mengine yalianza kufanya uchunguzi wa mara kwa mara: kampuni zenye uwezo ni ngapi, za nani, na zimepata fungu gani la fedha za umma. Mipango yenye ushahidi kama huo ilikuwa na nafasi bora ya kusimama. Isiyokuwa nao iliendelea kuanguka. Julai 2023 jaji wa shirikisho huko Tennessee aliuzuia mpango wa serikali kuu wa kuendeleza biashara ndogo usimchukulie mtu kuwa ameonewa kwa sababu tu ya rangi au asili yake. Machi 2024 jaji mwingine, wa Texas, akatoa uamuzi wa namna hiyo hiyo dhidi ya shirika lililorithi kazi ya ile ofisi ya Nixon. Baada ya uamuzi wa Tennessee, waombaji walitakiwa waandike wenyewe maelezo ya jinsi walivyodhulumiwa. Siusifu utaratibu huo. Kumlazimisha fundi wa matofali awe mwandishi wa tawasifu ndipo apate kazi ni kumwongezea mzigo. Lakini unaonyesha mambo yanakofika pale sheria inapokataa kuusema uonevu: mwonewa hulazimika kuusema peke yake.

Sasa tugeukie kwetu. Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliojua uzito wa maneno. Kifungu cha 27 kinaitaka Serikali kuchukua hatua za kurekebisha hasara walizopata watu kwa sababu ya ubaguzi wa zamani, na kinaongeza kwamba manufaa yatolewe kwa kuzingatia hitaji la kweli. Kifungu cha 227, kinachohusu ununuzi wa umma, kinataja watu na makundi waliowekwa nyuma na ushindani usio wa haki au ubaguzi. Hapo jeraha limetajwa. Hakuna anayehitaji kuhesabu vichwa, na ni vyema, kwa maana katika sensa ya 2019 wanawake walikuwa takriban milioni 24.0 na wanaume milioni 23.5. Ingekuwa kichekesho kumwita mwanamke wa Kenya "mchache". Ni mwingi, na amenyimwa.

Tatizo linaanza tunaposhuka kutoka Katiba hadi kwenye fomu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inazitaka taasisi za umma zitenge angalau asilimia 30 ya ununuzi wao kwa ajili ya biashara za vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Ni sheria njema, nami naiunga mkono. Lakini cheti kinachotolewa kwa waombaji kimejengwa juu ya makundi matatu tu ya kwanza, na kinachokaguliwa ni umri, jinsia na ulemavu. Kwa kipimo hicho, binti wa mkandarasi tajiri wa Nairobi, mwenye umri wa miaka 25, ana madai sawa na binti wa msusi wa vikapu wa Turkana. Na "makundi mengine" ya sheria yamebaki maneno yasiyo na mlango.

Mchukue Mpemba wa pwani ya Kilifi au Kwale. Jamii yake iliishi hapa kwa miongo mingi bila kutambuliwa, hadi ilipokubaliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka wa 2023. Bila kitambulisho hakuweza kusajili biashara, kufungua akaunti benki, wala kupata kwa urahisi leseni ya uvuvi katika bahari aliyozaliwa kando yake. Leo amepata kitambulisho, ana umri wa miaka 50, ni mwanamume na hana ulemavu. Ikiwa yupo Mkenya ambaye Kifungu cha 227 kilimlenga, ni huyu. Lakini fomu haina kisanduku chake. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na huyu, haki yake imeandikwa Katibani na kupotelea ofisini.

Kuna watakaonijibu kwamba umri na jinsia ni rahisi kuthibitisha, ilhali uonevu ni vigumu, na kwamba kipimo kigumu humwumiza mnyonge. Ni jibu zito. Ndiyo maana nasema mzigo wa ushahidi ubebwe na Serikali, si na mwombaji. Taasisi za umma tayari zinatakiwa kuwasilisha ripoti za zabuni walizopewa makundi haya. Ripoti hizo zionyeshe pia kaunti, mtaji na historia ya walionufaika, kisha zichapishwe, ili tujue ni nani ambaye soko limeendelea kumfungia. Wakati huo huo, zabuni iambatane na fedha. Hazina ya vijana iliyoanzishwa 2006, ya wanawake 2007, na ya Uwezo 2013 zina kazi hapa: kumpa aliyeshinda zabuni mtaji wa kuitekeleza. Kijana anayeshinda zabuni ya madawati, akakopa kwa riba, akawasilisha madawati, kisha akangoja malipo mwaka mzima, hajasaidiwa. Kwa hakika, yeye ndiye aliyeikopesha serikali. Mwisho, msaada uwe na kikomo. Mpango wa shirikisho wa Marekani nilioutaja uliwekewa miaka 9 kwa kila biashara, kwa sababu jeraha hutibiwa ili lipone.

Namgeukia mwalimu na mwanafunzi, kwa kuwa sheria za kesho zitaandikwa na walio madarasani leo, na mabunge ya kaunti yetu 47 yatahitaji makarani na madiwani wanaojua kuchagua neno. Wekeni mbele yenu Kifungu cha 260 cha Katiba, kinachofafanua jamii zilizotengwa, na kando yake fomu ya kuomba cheti cha zabuni. Ulizeni: ni nani aliyemo katika karatasi ya kwanza na hayumo katika ya pili? Kisha andikeni sentensi moja itakayomrudisha. Zoezi hilo ni la isimu, ni la uraia, na kwa yule mvuvi wa Kilifi ni suala la riziki.